Kanisa la mwanzo katika ushirika wenu: mwongozo kamili kwa waumini wa Malindi

Makaburi ya msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifundishwa kufunga hadi kufa, yalipofukuliwa mwaka 2023 na miili zaidi ya 400 kutolewa, waumini wengi wa Malindi walibaki na swali ambalo mahubiri ya Jumapili moja hayawezi kulimaliza. Watu waliosoma Biblia ileile tunayosoma, wakasali kwa jina lilelile, walifikaje mahali pa kuwanyima watoto chakula wakiamini wanamtii Mungu? Kadiri ninavyosoma habari za Wakristo wa karne tatu za kwanza, ndivyo ninavyoona kwamba swali hili waliwahi kukutana nalo, na wakatuachia kinga. Kinga zenyewe ni za kawaida kabisa: meza ya chakula, hesabu za wazi, maswali, na desturi ya kutomruhusu mtu mmoja aamue peke yake mambo ya roho za watu, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo. Inaweza kuwa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki, ushirika wa nyumbani wa Kianglikana, seli ya Kipentekoste, au familia tatu nne za mtaa mmoja, iwe Muyeye, Maweni, Barani, Gede au Mambrui. Watu kumi hadi ishirini wanatosha. Mnahitaji Biblia, daftari lenye jalada gumu, sufuria kubwa na mahali pa kukaa. Mwambieni padri au mchungaji wenu tangu siku ya kwanza mnachotaka kufanya. Kikundi kinachoanza kwa kujificha kimeanza vibaya.

Kwa “Kanisa la mwanzo” nakusudia kipindi cha kutoka Pentekoste hadi karibu na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo Wakristo hawakuwa na nguvu ya serikali, na makanisa makubwa yalikuwa bado hayajajengwa.

Hatua ya 1: Someni habari zao kabla ya kuwaiga

Wengi wetu tunajua Matendo 2:42-47 kwa moyo: walidumu katika fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Tatizo ni kwamba tunaishia hapo, halafu tunalia kwamba kanisa la siku hizi limeharibika. Endeleeni kusoma. Sura ya 5 kuna Anania na Safira wanaodanganya juu ya fedha ya shamba. Sura ya 6 wajane wa upande mmoja wanasahauliwa kwenye mgao wa chakula, na manung’uniko yanaanza. Mwisho wa sura ya 15 Paulo na Barnaba wanakorofishana hadi wanatengana njia. Korintho nako, kwenye meza ya Bwana yenyewe, huyu ana njaa na yule amelewa.

Hilo linapaswa kututia moyo. Walikuwa na shida zetu zote, na cha kujifunza kwao ni jinsi walivyozitengeneza.

Jipeni wiki nne. Wiki ya kwanza someni Matendo 1 hadi 6, ya pili 1 Wakorintho 11 hadi 14, ya tatu Matendo 11 hadi 15. Wiki ya nne tafuteni maandishi mafupi ya nje ya Biblia, ambayo tafsiri zake zinapatikana bure kwenye intaneti. Mwenye Kiingereza kizuri awafasirie wengine kwa sauti. La kwanza ni Didache, kijitabu cha mafundisho kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. La pili ni sura ya 67 ya utetezi ambao Justin aliuandika Roma kama mwaka 155, anapoeleza ibada ya Jumapili. La tatu liliandikwa na mtu asiyewapenda Wakristo: barua ya Pliny, liwali wa Kirumi wa Bithinia, kwa mfalme Trajan, kama mwaka 112.

Barua hiyo isomeni polepole. Pliny anataka kujua Wakristo hufanya nini wakikutana, na anachopata ni hiki: siku maalumu hukusanyika kabla ya alfajiri, humwimbia Kristo kama Mungu, huapa kwamba hawataiba, hawatazini, hawatavunja ahadi, hawatakana amana waliyowekewa. Kisha hutawanyika, na hukutana tena baadaye kula chakula, cha kawaida tu, kisicho na ubaya wowote. Ili kupata ukweli zaidi aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa, na hakupata kosa lolote la jinai. Jiulizeni kama kikundi: afisa wa serikali akija kuchunguza mikutano yetu, akawahoji wale wadogo kabisa miongoni mwetu wakati viongozi hawapo, atasikia nini? Maandishi haya si Maandiko Matakatifu. Yachukueni kama ushahidi wa majirani wa zamani.

Hatua ya 2: Rudisheni meza

Kwa muda mrefu kanisa lilikaa nyumbani. Priska na Akila walikuwa na kanisa nyumbani mwao (Warumi 16:5). Kule Dura-Europos, mji wa Siria kando ya mto Frati ulioanguka vitani mwaka 256, wachimbaji walifukua nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa kanisa: vyumba viwili vimeunganishwa kwa kubomoa ukuta wa kati ili watu wapate kukaa, na chumba kingine kimefanywa mahali pa ubatizo. Nyumba za namna hiyo zimejaa hapa kwetu.

Kwa hiyo kuleni pamoja, angalau mara mbili kwa mwezi. Hapo ndipo 1 Wakorintho 11 inapouma. Shida ya Korintho ilikuwa ya saa. Wenye nafasi walifika mapema wakala wakashiba, na vibarua na watumwa walipotoka kazini wakakuta sufuria tupu. Jibu la Paulo ni fupi: “mkutanikapo mpate kula, mngojane.” Malindi tunalijua jambo hili vizuri. Kuna dada anayetoka zamu ya usafi hotelini saa moja jioni, kuna kijana wa tuktuki anayekimbiza abiria wa mwisho, kuna mama wa sokoni ambaye mboga hazijaisha. Mnapopanga saa ya kukutana, mpangie anayechelewa kutoka kazini kuliko wote. Mzee mwenye nyumba anaweza kungoja. Huo ndio utii wenyewe wa sura ile.

Chakula kiwe cha kawaida. Sima na mchicha, mbaazi za nazi na mahamri, samaki bahari ikiwa nzuri. Msiruhusu mashindano ya nani kaleta nini, kwa sababu siku pilau ya nyama itakapokuwa ndiyo kipimo, mjane mwenye chungu cha kunde ataacha kuja. Asiye na kitu alete maji au mkeka, aketi kama wengine. Yakobo 2:1-9 isomwe pale pale mezani mara ya kwanza: mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo mbovu wakae mkeka mmoja.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu chakula. Mitaa yetu ni ya Waislamu na Wakristo ukuta kwa ukuta, na familia nyingi za Kigiriama zina ndugu upande huu na upande ule. Nyama ichinjwe kwa namna ambayo jirani akipita akaambiwa “karibu,” anaweza kukaa akala. Paulo alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu mmoja (1 Wakorintho 8:13). Kwetu sadaka hiyo ni ndogo mno kuizungumza. Vipaza sauti viacheni kanisani. Nyumbani imbeni kwa koo zenu.

Kama kuna mgonjwa au mzee asiyeweza kutoka, sahani yake ipakuliwe kwanza. Justin anaeleza kwamba mashemasi waliwapelekea wasiokuwepo sehemu yao. Padri na mchungaji watasimamia Ekaristi au Meza ya Bwana kwa taratibu za kanisa lenu. Ninyi shughulikieni chakula cha jioni. Wali ufunikwe, ufungwe kwenye leso, apewe kijana mmoja na mtoto mmoja wapeleke pamoja, waketi na mgonjwa hadi amalize kula, warudi na sahani na habari zake. Mtoto aliyezoea kazi hiyo tangu ana miaka minane anajifunza kanisa ni nini bila kuhubiriwa.

Hatua ya 3: Mpimeni kila mwalimu

Hatua hii ipeni muda kuliko zote.

Mwanzoni mwa karne ya tatu, mwalimu mmoja aitwaye Hippolytus aliandika ufafanuzi wa kitabu cha Danieli, na ndani yake akasimulia mambo mawili ya wakati wake. La kwanza lilitokea Siria. Kiongozi wa kanisa aliwashawishi ndugu wengi, na wake zao na watoto wao, watoke waende nyikani kumlaki Kristo. Wakatangatanga milimani na njiani hadi liwali wa mahali pale akakaribia kuwakamata na kuwaangamiza kama majambazi. Walipona kwa kuwa mke wa liwali alikuwa muumini, akawaombea kwa mumewe.

La pili lilitokea Ponto. Kiongozi wa huko, Hippolytus anasema, alikuwa mcha Mungu na mnyenyekevu, lakini hakushikamana na Maandiko. Alizidi kuamini ndoto zake. Akaota mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akawatangazia watu kwamba hukumu inakuja baada ya mwaka mmoja. Akawaambia: isipotokea kama nilivyosema, msiyaamini tena Maandiko. Watu wakaacha mashamba bila kulimwa, wengi wakauza mali. Mwaka ukapita. Wasichana walioogopa kuolewa wakaolewa, wanaume wakarudi shambani, na waliouza vitu vyao wakabaki kuomba omba.

Anayeishi Malindi hawezi kusoma habari hizi akabaki kama alivyokuwa. Nyika, watoto, mali iliyouzwa, tarehe ya mwisho wa dunia: yote yamo, miaka 1800 kabla yetu. Na angalieni neno lile, kwamba yule wa Ponto alikuwa mnyenyekevu. Tunapenda kudhani mpotoshaji ni mtu wa magari makubwa na majivuno, kwa hiyo akija mpole, amefunga, anavaa kawaida, tunalegea. Upole hautoshi kuwa kipimo. Tamko la hatari ni lile alilofungamanisha ndoto yake na ukweli wa Mungu: mkinikataa mimi mmemkataa Yeye. Mkilisikia kwa mwalimu yeyote, hata mnayempenda, simameni hapo hapo.

Didache inatoa vipimo vya mkono. Mhubiri mgeni mpokeeni kama Bwana. Akae siku moja, na ya pili ikibidi. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha kituo kinachofuata. Akidai fedha akisema ni Roho amesema, msimsikilize. Akiomba kwa ajili ya wenye shida wengine, asihukumiwe. Anayetaka kuhamia kwenu afanye kazi ale jasho lake. Na anayefundisha kweli asiyoitenda mwenyewe ni wa uongo. Kanisa la watu maskini wa wakati ule lilithubutu kumhoji nabii. Sisi tunaona haya kumuuliza mhubiri nauli yake ilitumikaje.

Fanyeni hivi. Kabla mwalimu yeyote wa nje hajasimama mbele yenu, watu wawili waongee na kanisa alikotoka, kwa simu, na wasiishie kwa mtu aliyetajwa na mgeni mwenyewe. Akishafundisha, mpe kila mtu nafasi ya kuuliza, kama Waberoya waliochunguza Maandiko kila siku kuona kama mambo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11), na aliyekuwa akihojiwa pale ni Paulo. Mwalimu akikasirikia swali la mama wa kawaida, mmeshajua la kutosha. Andikeni kwenye daftari alichofundisha, kwa ufupi, na siku aliyosema. Mafundisho yanayopotosha hupenda kubadilika kidogo kidogo, na daftari halisahau.

Kuhusu kufunga. Didache inataja kufunga Jumatano na Ijumaa, siku mbili katika juma, basi. Siku nyingine watu walikula. Mtaguso wa Gangra, katikati ya karne ya nne, uliwakemea waliofunga hata Jumapili kwa kujiona watakatifu zaidi. Kabla yake, katikati ya karne ya pili, Montanus na wenzake kule Frigia walitangaza unabii mpya na saumu mpya, wakauita mji mdogo wa Pepuza Yerusalemu. Waumini wa Asia, jimbo la Kirumi lililo magharibi mwa Uturuki ya leo, walikusanyika mara nyingi, wakauchunguza unabii huo, wakaukataa. Uzito wa mvuto wake mtauona kwa jambo hili: hata Tertullian wa Karthago (Tunisia ya leo), mmoja wa walimu hodari kuliko wote wa wakati ule, aliishia kuvutwa nao. Elimu haimlindi mtu aliyeachwa peke yake.

Wekeni basi sheria ya kikundi, iandikwe, isomwe kila mwaka. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na wagonjwa wa dawa hawafungi chakula. Hakuna anayefunga usiku na mchana mfululizo kwa agizo la mtu. Hakuna fundisho la kukataa hospitali: Luka aliitwa tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), na Paulo alimpa Timotheo ushauri wa tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Paulo aliwaonya pia juu ya wanaoamuru watu wajiepushe na vyakula ambavyo Mungu ameviumba (1 Timotheo 4:3).

Kisha kuna ishara ambazo hazingojei mkutano. Mkisikia watoto wametolewa shuleni kwa sababu ya dini, familia imeuza shamba au imechoma vitambulisho, watu wanahamia porini na mawasiliano na ndugu yamekatwa, nendeni kwa chifu na kituo cha polisi siku hiyo hiyo, watu wawili au watatu pamoja. Mtoto akiwa hatarini, pigeni 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto Kenya. Mkipuuzwa, rudini, na mpande ofisi ya juu yake. Msiseme “tusiingilie mambo ya kanisa la watu.” Mke wa liwali aliingilia.

Hatua ya 4: Fedha ziwe mbele za watu

Tertullian, kwenye utetezi wake wa kama mwaka 197, anaeleza sanduku la kanisa la Karthago. Kila mwezi mtu hutoa kidogo, akitaka, akiweza, hakuna anayelazimishwa. Fedha hulisha na kuzika maskini, husaidia yatima, watumwa wazee, waliovunjikiwa na chombo baharini, na walioko migodini na vifungoni kwa ajili ya imani. Kuhusu karamu za wakubwa, anasema wazi kwamba haziendi huko.

Paulo naye aliposafirisha mchango wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Aliweka watu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akamlaumu, akifikiri yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8:19-21). Mtume mwenyewe alitaka mashahidi. Basi hesabu zenu ziende namna hii: mkishamaliza kula, watu watatu wasio wa nyumba moja hukaa mezani, kikapu humiminwa mbele ya wote. Noti zinanyooshwa, sarafu zinapangwa kumi kumi. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia bila kuambiwa jumla ya kwanza, wa tatu anaandika tarehe, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, na waliotuma kwa M-Pesa wanaandikwa mstari wao na saa ya ujumbe. Wote watatu wanatia sahihi. Mmoja anasoma kwa sauti. Daftari linalala nyumba moja, fedha nyingine. Mkifungua akaunti, iwe ya kikundi na watia sahihi watatu. Laini ya mtu binafsi, hata ya mchungaji, isipokee sadaka.

Watatu hao wachagueni kwa mfano wa Matendo 6. Angalieni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani, na waliokuwa wakilalamika ni upande wa wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani. Kanisa liliikabidhi kazi kwa upande uliodhulumiwa. Kama kwenye kikundi chenu wageni wa kutoka bara ndio wanaohisi kuachwa, au wenyeji, au wanawake, wekeni daftari mikononi mwao.

Hatua ya 5: Andikeni orodha ya majina

Mwaka 251 askofu Cornelius wa Roma aliandika barua akitaja kwamba kanisa lake lilikuwa likiwahudumia wajane na wenye dhiki zaidi ya 1500. Alijua idadi kwa sababu palikuwa na orodha. Upendo wao uliandikwa.

Yenu itaanza na majina sita au saba: mjane, mgonjwa, kijana aliye rumande Malindi, mwanafunzi aliyekwama karo, mgeni aliyefika bila mwenyeji. Kila jina liwe na mtu mmoja wa kikundi anayewajibika kulifuata na kuleta habari kila mkutano. Fedha zikiwa chache, wapeni muda: kukaa foleni ya hospitali na mtu, kwenda na mtu mahakamani, kumuona mfungwa.

Fikirini pia msimu. Antiokia walipoonywa na Agabo kwamba njaa inakuja, walikusanya msaada wa ndugu wa Uyahudi kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa (Matendo 11:28-30). Hawakungoja picha za watoto waliokonda. Malindi tunajua njaa yetu inakuja lini. Kusi ikivuma bahari inachafuka, ngalawa zinalala, hoteli zinapunguza watu. Anzeni kuweka akiba Desemba hadi Machi, wakati kaskazi ipo na watalii wapo, ili ifikapo Mei orodha isikutane na kikapu kitupu.

Msiwaandike Wakristo tu. Tauni ilipopiga Karthago karibu mwaka 252, askofu Cyprian aliwahimiza watu wake wawatendee mema hata waliokuwa wakiwatesa. Aleksandria miaka hiyohiyo askofu Dionysius aliandika juu ya waumini waliowauguza wagonjwa na kufa pamoja nao. Zaidi ya miaka mia baadaye mfalme Julian, aliyetaka kurudisha miungu ya zamani, alilalamika kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Jirani Mwislamu aliyefiwa, bibi wa kaya asiyeingia kanisani wala msikitini, wote ni wa orodha yenu, na msaada usiambatane na kadi ya mwaliko wa ibada.

Hatua ya 6: Kaeni mjini

“Sisi si kama wale wakaao misituni, waliojitenga na maisha,” ndiyo maana ya maneno ya Tertullian kwa Warumi. Twaenda sokoni kwenu, madukani, bafuni, twasafiri baharini pamoja nanyi, twalima pamoja nanyi. Hiyo ilikuwa hoja ya kuonyesha kwamba Wakristo ni raia wema. Muumini wa Malindi awe na sauti kwenye nyumba kumi, kamati ya shule, kikundi cha wavuvi. Kwenye msiba wa jirani awahi.

Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier, akielekea India, alishuka hapa Malindi. Kwenye barua yake anasimulia kwamba mzee mmoja wa mji, Mwislamu, alimuuliza kama Wakristo kwao bado wanahudhuria makanisa kwa bidii, kwa maana huku mjini misikiti ilikuwa 17 na watu walikuwa wakienda mitatu tu. Ninalipenda swali lile. Ni mzee mwenye huzuni ya mji wake, akimweleza mgeni wa dini nyingine. Jirani akiwafikia na huzuni ya namna hiyo, sikilizeni kwanza. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kujibu kila anayetuuliza, kwa upole na kwa hofu. Na jibu hungoja swali.

Hatua ya 7: Wapya wafundishwe taratibu, waliorudi wapokewe

Kwa wapya nitasema kwa ufupi. Mwongozo mmoja wa kale wa kanisa, Mapokeo ya Mitume, unataja miaka mitatu ya mafunzo kabla ya ubatizo, na kipimo chake kinahusu maisha: je, amewaheshimu wajane, amewatembelea wagonjwa? Kila kanisa lina utaratibu wake, lakini asikabidhiwe mtu kipaza sauti kabla hajabeba sahani ya mgonjwa.

Waliorudi ni habari nzito zaidi. Mwaka 250 mfalme Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu, na Wakristo wengi wakakubali kwa hofu. Mateso yalipopoa walirudi wakilia. Padri Novatian wa Roma alisema kanisa haliwezi kuwasamehe. Cornelius na Cyprian walisema mlango upo, kwa toba na kwa muda, kila mtu kwa hali yake. Kanisa likafuata njia ya hao wawili.

Kati yetu wapo waliotoka kwenye makundi yaliyowaumiza, na wapo waliopoteza watoto huko. Wengine waliwapeleka wenyewe. Mwaka 250 waliorudi walikuwa wamekana imani. Hawa wengi wao walidanganywa, kwa hiyo msiwaweke kiti cha mshtakiwa. Mambo ya sheria yaacheni kwa polisi na mahakama, na msimfiche mtu asitoe ushahidi. Nyumbani kwenu anzeni na chakula, kidogo kidogo kwa aliyekuwa na njaa ya muda mrefu, na hospitali siku ileile, kwa sababu mwili uliodhoofu unaweza kudhurika kwa kulishwa ghafla. Tafuteni mshauri nasaha aliyesomea. Mtoto arudi shule, na mtu wa kikundi aende naye kwa mwalimu mkuu kueleza faraghani.

Aliyerudi msimsimamishe atoe ushuhuda. Msimpige picha. Akija amekaa nyuma haimbi, mwacheni. Akisema hawezi kusikia neno “kufunga” wala “siku za mwisho,” wiki hiyo someni Zaburi. Akitaka kuuliza Mungu alikuwa wapi, aulize, na asijibiwe haraka na mtu yeyote. Mpangieni watu wawili, wanawake kwa mwanamke, wanaume kwa mwanamume, wa kumtembelea kila juma kwa mwaka mzima, majina yao yakiwa kwenye daftari kama ya orodha nyingine yote; mmoja akisafiri, mwingine aende.